Maji ya Kioo cha Nyuma

"Gari litengenezwe kwanza," alisema Gideoni. "Simbebi mdogo wangu kwenye gari lisiloona nyuma."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Erasto, kile cha karibu na dirisha, na hakuna aliyemwambia asikikalie. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mkekani. Tangu kikao cha ukoo wa mkewe kule Mbinga, ambako walimketisha mkekani katikati ya wanaume waliokaa vitini, Erasto alikuwa ameona kwamba mkeka unamtosha. Mkewe Theresia alisimama mlangoni mwa chumba akikunja gauni la marehemu mama yake. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Tunaondoka kesho asubuhi," Gideoni akaendelea. "Kikao kilisema gari lije nyumbani, lisionekane tena kwenye uwanja huu. Na Theresia naye aje apumzike. Atapumzika mpaka lini, hilo atalisema mwenyewe."

"Sawa, shemeji."

"Sawa nini?"

"Sawa, nimesikia."

Gideoni alipumua kwa nguvu. Ingekuwa rahisi kumchukia mtu huyu, ila hakuwa mbaya. Alikuwa mkulima wa kahawa aliyeacha mavuno yake mtini, amemzika mama yake, na sasa ametumwa na wazee kuja kuichana nyumba ya dada yake vipande viwili. Alitamani Erasto abishe hata kidogo, apate mahali pa kuiweka hasira yake. Erasto habishi. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha nyumba hii kilikuwa kimekaa mwezi mzima na hakuna mshindo uliosikika.

Kilichotokea kila mtu Ufukoni alikijua, maana mjini Mtwara habari mbaya haihitaji nauli. Erasto alikuwa mwalimu wa sekondari kule Ziwani, akienda na kurudi kila siku kwa gari lake kuukuu, stesheni wagoni yenye tako refu. Msimu wenyewe ulikuwa wa kupulizia mikorosho salfa, na unga ule ukichanganyika na vumbi la njiani hukamata kioo kama ukoko wa ugali unavyokamata sufuria. Asubuhi hiyo aliwasha gari, akabonyeza swichi ya maji ya kioo cha nyuma. Kimota kikavuma, maji hayakutoka, waipa ikakwangua kioo kikavu ikakiacha vilevile. Akatazama vioo vya pembeni, akaona uwanja mtupu kulia na kushoto, akarudi nyuma. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa ameinama katikati, nyuma kabisa ya gari, akifagia kwa ufagio wa chelewa. Masikio yake yalikuwa mazito.

"Nilibonyeza, maji hayakutoka." Aliwaambia hivyo polisi, ambao walipima, wakachora, wakamrudishia gari na kumpa siku ya kuripoti kila wiki. Alimwambia hivyo padri. Alikiambia hivyo kikao, na mzee mmoja wa Mbinga akauliza kwa upole, "Na kitambaa je, mwalimu? Mtu mzima unakosa kitambaa?" Erasto hakujibu, kwa sababu kitambaa kilikuwapo, kwenye mfuko wa mlango wa gari, mahali kinapokaa siku zote.

"Twende ukabonyeze nione," alisema Gideoni.

Wakatoka. Gari lilikuwa limeegeshwa palepale polisi walipoliacha, chini ya ukuta. Erasto aliingiza mkono dirishani bila kukalia kiti, akazungusha ufunguo, akabonyeza. Kimota kikavuma, zzz, halafu basi.

"Kumbe kweli," alisema Gideoni. "Lakini haisaidii kitu."

*

Gereji ilikuwa karibu, mwendo wa kwenda na kurudi huku chai inachemka. Erasto alikwenda kwa miguu. Fundi Shafii alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu tu ikionekana, na vijana wake wawili walikuwa wakisafisha injini kwa petroli. Walipomwona mwalimu, mikono yao ikapunguza mwendo.

"Ndiye?" mmoja aliuliza, akidhani anaongea chini.

"Ndiye."

Erasto alisikia. Alijaribu kulisikilizia neno lile ndani yake, kama mtu anavyoligusa kwa ulimi jino lililopigwa sindano ya ganzi. Halikuuma popote.

Shafii alitoka uvunguni akijifuta. "Shikamoo mwalimu. Pole tena na msiba."

"Marahaba. Nishapoa. Nina kazi ndogo, maji ya kioo cha nyuma hayatoki. Mota inalia. Nitumie kijana mmoja."

Shafii aliwatazama vijana. Vijana wakaitazama injini yao. Fundi akamshika mwalimu begani, akamvuta pembeni kwenye matairi mabovu, na heshima ile ya kuvutwa pembeni ilikuwa mbaya kuliko kukataliwa hadharani.

"Mwalimu, nisikufiche. Hawa hawatakuja. Wanasema lile gari halijasomewa dua wala kuombewa, na mikono yao bado wanaihitaji. Hata mimi, mke wangu..." Hakuimaliza habari ya mke wake. "Lakini ni kazi ya sindano tu. Zibua kitundu kwa sindano. Ikigoma, chomoa mpira, upulize kwa pampu ya baiskeli, halafu osha tangi kwa maji ya moto. Itakuwa salfa hiyo, msimu huu inaziba kila kitu. Kachukue pampu yangu pale, utaileta ukipata nafasi."

"Nikulipe nini?"

"Kwa kazi gani, mwalimu? Sijafanya kazi."

Erasto alibeba pampu akarudi nayo nyumbani mkononi, na watu wa barazani wakamsalimia kwa adabu kubwa mno, adabu inayotolewa kwa wagonjwa na wendawazimu.

*

"Mama Irene, naomba sindano."

Theresia aliendelea kukunja. "Ya nini?"

"Ya kitundu cha maji. Cha nyuma."

Mkono wake ulisimama juu ya nguo. Halafu akafungua kopo la nyuzi, akachagua sindano moja nene, akampa bila kumwangalia. "Uirudishe. Nina begi la kushona zipu."

Lilikuwa begi lake yeye, sio la marehemu. Erasto aliona hivyo, akatoka.

Kitundu kilikuwa juu ya kioo cha nyuma, chini ya taa ndogo ya breki, kimefunikwa na ganda jeupe gumu. Alichokoa. Ganda likavunjika vipande vikamwangukia kiganjani. Alivitazama akashangaa, kwa sababu salfa ina umanjano na harufu yake haifichiki, na vipande hivi vilikuwa vyeupe na havikunuka kitu. Akakiweka kimoja ulimini. Kilikuwa chumvi.

Wazo lake la kwanza lilikuwa visima. Maji ya visima vya Ufukoni yana uchumvichumvi, ukifulia nayo nguo nyeusi hutoka na ramani. Lakini tangi lile alilijaza mwenyewe, kwa maji ya bomba, na hata hivyo maji ya kisima yangechukua miaka kufanya ganda la namna hii. Akachomoa mpira, akaupuliza kwa pampu ya Shafii. Kikatoka kidonge cha chumvi kama punje ya mchele, kikafuatiwa na kingine. Basi akafungua buti, akatoa kifuniko cha pembeni, akafungua skrubu za tangi dogo la nyuma, akalimimina lote kwenye sinia la jikoni.

Maji yalitoka machache. Kilichofuata kilikuwa chumvi ya mawe, ile inayovunwa kwenye majaruba ya maji ya bahari, imevimba na kugandamana. Ndani yake kulikuwa na kipande cha shaba kilichofungwa uzi mweusi.

Erasto alichuchumaa. Alikijua kipande kile. Ilikuwa medali ya Mtakatifu Benedikto ya mama mkwe wake, ambayo kwa miaka yote hakuwahi kuiona popote isipokuwa shingoni mwake. Wanawake waliomvisha marehemu waliitafuta wakaikosa, na Theresia, ambaye hakuwa amelia mpaka saa ile, alilia kwa ajili ya medali. Aliamini imeibwa. Mama yake alizikwa shingo tupu.

Na chumvi pia aliijua. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Irene, alikuwa mtu wa sala za karismatiki. Alinunua chumvi sokoni kwa kilo, akaipeleka kwa padri ikabarikiwa, kisha akaigawa kama mtu anayemwagilia bustani. Aliiweka kizingitini, madirishani, kwenye sanduku la shule la mjukuu wake Irene, anayesoma bweni. Alimtilia mkwewe kifungu kwenye mkoba, na mkwewe akakipeleka ofisini kwa walimu, wakalia nacho maembe mabichi huku wakicheka. Alikuwa na hofu na lile gari. Alisema linapita njia za watu na macho ya husuda.

Kwa hiyo alilikinga. Alilikinga kwa kila alichokuwa nacho, mpaka cha shingoni.

Erasto alingoja huzuni ije, au hasira, au hata ile afueni ambayo mtu aliyesingiziwa angestahili kuipata. Haikuja yoyote. Alibaki kulitazama sinia. Akili yake tu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, polepole, ikimwonyesha mambo moja moja. Akiliingiza sinia hili ndani na kuliweka mbele ya Gideoni, kikao kitabidi kikae upya. Wazee watashika vichwa. Huenda Theresia akabaki. Halafu jina la mama yao litaanza kutembea Mbinga nzima, bibi aliyejiua kwa chumvi yake mwenyewe, na watu watalisema wakicheka, maana watu ndivyo walivyo.

Nyayo zilisikika nyuma yake. Alichukua medali akaitia mfukoni, akamimina ndoo ya maji kwenye sinia. Chumvi ikayeyuka ikaingia mchangani.

"Umepata?" Gideoni aliuliza.

"Nimepata."

"Ilikuwa nini?"

"Salfa."

"Salfa," Gideoni alirudia, akitikisa kichwa. Alisubiri mpaka tangi limeoshwa, limerudishwa, limejazwa. Halafu akakaa kwenye usukani akabonyeza. Maji yakaruka juu, mazuri, membamba, yakavuka kioo yakamlowesha Erasto kifuani. Gideoni akabonyeza tena, na tena. Waipa ikapita, kioo kikang'aa.

Alishuka akasimama kando ya mlango.

"Hivi tu?" alisema. "Kazi yenyewe ndiyo hii? Ya sindano na ndoo ya maji?"

"Ndiyo."

"Na hukuifanya."

"Sikuifanya."

*

Jioni, Gideoni alipokwenda kanisani kumuaga padri, Erasto aliingia chumbani. Theresia alikuwa amekaa kitandani katikati ya nguo za mama yake, begi la zipu mbovu miguuni. Erasto akanyoosha mkono kumrudishia sindano, na medali ilikuwa kwenye kiganja kilekile. Alikuwa ametafuta uongo njia nzima kutoka uwanjani mpaka kitandani.

"Nimeiona uvunguni mwa kiti cha gari," alisema. "Haikuibwa."

Theresia aliichukua. Hakulia. Aliushika uzi kwa vidole viwili, akaupinda, nao ukakatika kwa mlio mdogo kwa sababu ulikuwa umekauka ukawa mweupe kwa chumvi. Akaulamba.

"Basi alitia na hii," alisema.

Erasto alikaa chini. "Alitia wapi?"

"Baba Irene, usinifanye mtoto. Kwenye tangi." Sauti yake ilikuwa bapa, ya mtu anayesoma tangazo. "Mimi ndiye niliyemshikia mlango wa buti. Tulikuwa tunapakua makopa ya muhogo. Akaona ule mfuniko, akauliza ni wa nini, nikamwambia ni maji ya kuoshea kioo. Akasema vizuri, yatakuwa yananyunyiza gari kama padri anavyonyunyiza. Nikacheka. Nikamwambia mama, utaziba. Akasema chumvi ya Mungu haizibi. Nikaenda zangu jikoni na ungo. Medali sikuiona akiitia."

Nje, muuza samaki alipita akinadi. Wote wawili walimsikiliza mpaka sauti ikaisha.

"Umejua tangu lini?" Erasto aliuliza.

"Tangu asubuhi ile. Uliposema maji hayakutoka, nilijua."

"Na kwenye kikao?"

"Nilikuwa nimekaa nyuma ya mama mdogo. Uliponitazama nikainama."

Ni kweli, alikumbuka. Alikuwa amedhani anainama kwa uchungu.

"Ningesema nini?" Theresia alisema. "Kwamba amejiua? Kwamba binti yake alisimama pale akicheka? Mama hawezi kujibu. Wewe uko hai. Nilijiambia aliye hai anaweza kubeba."

"Sawa."

"Usiseme sawa."

Erasto alitafuta neno jingine. "Hata hivyo ningeweza kushuka," alisema. "Kitambaa kilikuwapo. Nilikuwa nachelewa kipindi cha kwanza."

"Ungeweza."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anakubaliana naye tu, kama wanavyokubaliana watu wa nyumba moja kwamba unga umekwisha. Kisha akaanza kushona zipu. Erasto alimtazama anavyoshona, vidole vyake vyembamba alivyovipenda tangu chuo cha ualimu, na akajua kwamba anampenda bado. Alijua kwa kichwa.

"Kwa hiyo kesho unaondoka," alisema.

"Naondoka. Nikikutazama nalikumbuka jambo lile, na nikilikumbuka siwezi kulisema. Ningekaa hapa kufanya nini?"

*

Asubuhi Farida wa nyumba ya pili alikuja na mfuko wa korosho zilizobanguliwa, bado zina joto la moto. Alimpa Theresia kwa mikono miwili. "Za njiani, Mama Irene. Utarudi lini?"

"Mungu akipenda."

"Inshallah," alisema Farida, akamtupia mwalimu jicho la haraka.

Masanduku ya marehemu yalijaa buti na kiti cha nyuma. Gideoni alishika usukani, Theresia akakaa kando yake, begi mapajani. Waliagana kwa mikono. Gideoni alisema, "Haya, shemeji," na mkono wake ulikuwa na joto, akaushikilia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Theresia alisema, "Kuna dagaa kwenye kopo la bluu."

Erasto alikwenda kufungua geti. Lilikuwa nyuma ya gari, la mabati, linalokwaruza chini. Alilifungua bawa moja, akafungua la pili. Baada ya hapo alitakiwa kusogea ukutani. Hakusogea. Alibaki katikati, uso kwa gari, hatua chache tu kutoka bampa. Hata baadaye hakuweza kumweleza mtu alikuwa anataka nini, na mimi siwezi kumsemea. Alikuwa amechoka, na pale alipokuwa palikuwa mahali kama pengine.

Injini ikanguruma. Taa nyeupe za rivasi zikawaka. Kioo cha nyuma kilikuwa kimeshika vumbi na umande wa usiku, hakionyeshi kitu, na Erasto alikitazama bila kupepesa. Gari likasogea kidogo, likasimama. Maji yakaruka kutoka juu, waipa ikapita mara mbili, na katikati ya kioo, kwenye nafasi iliyobaki juu ya masanduku, yakatokea macho ya Gideoni kwenye kioo cha ndani cha dereva.

Honi ililia.

"Shemeji," Gideoni aliita dirishani. "Toka nyuma ya gari."

Erasto alimsikia vizuri sana. Miguu ndiyo iliyokuwa mbali.

"Mwalimu, sogea," alisema Farida kutoka ukutani. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Shemeji, nasema toka. Unataka nifanye nini?"

Mlango wa abiria ukafunguka. Theresia alishuka, begi likaanguka mchangani, akaliacha. Alikuja mpaka nyuma ya gari, akamtazama mumewe usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Kisha akamshika kifundo cha mkono, kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara, akamwongoza mpaka ukutani kwa Farida. Vidole vyake vilimbana mpaka mfupani, na Erasto alivihisi. Kilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi kwa siku nyingi. Kiliuma.

Theresia alimwachia, akarudi kwenye gari. Erasto alidhani anakwenda kupanda. Lakini alizunguka upande wa dereva, akaingiza mkono dirishani mbele ya kifua cha kaka yake, akazima injini, akachomoa ufunguo.

"Shuka, kaka," alisema. "Kuna jambo sikulisema kwenye kikao. Nitalisema hapa, Farida naye asikie, halafu utaniambia kama bado unataka nije Mbinga."